Tulihama Bila Kuaga

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi nilifundishwa uongo na mama yangu mzazi, mtu wa kufunga na kusali, kiongozi wa akina mama kanisani. Hadi leo nikikumbuka nakasirika. Uongo wenyewe ulikuwa huu: hatuhami.

Na tulikuwa tunahama. Baba alikuwa ametangulia Cape Town, amepata kazi ya kunyoa katika saluni ya rafiki yake, na sisi watatu, mama, mdogo wangu Baraka na mimi, tulibaki Durban kufunga vitu. Kombe la Dunia lilikuwa limepita mwaka mmoja. Shida ni kwamba hatukukaa peke yetu. Fleti yetu ya Overport ilikuwa na vyumba viwili: kimoja chetu, kingine cha Mama Kezia, Mrundi aliyekuwa akisuka nywele mjini, na binti yake Kezia, rika langu. Jiko moja, choo kimoja, miaka mitatu. Mama alipolazwa hospitalini, Mama Kezia ndiye aliyetupikia bugali na ndagala, dagaa wa kwetu, na kutupeleka shule. Sasa jaribu kufunga nyumba nzima bila watu kama hao kujua.

Amri ilitoka kwa bibi, aliyebaki kwetu Uvira, kwa simu. Safari haitangazwi, alisema. Ukiitaja, iko watu wataifunga kwa uchawi, na mtu wa namna hiyo hakai mbali, anakula nawe sahani moja huku amekuficha neno moyoni. Ushahidi wake ulikuwa wa jirani aliyeaga mtaa mzima na kuchinja mbuzi, halafu gari lake likapinduka siku hiyohiyo. Hakuna aliyeuliza habari za breki. Wala msidhani ni mambo ya wazee wa kijijini tu. Kwetu hata wachungaji na walimu wanayashika: unaondoka kimya, na simu unapiga ukishafika.

Mama alinikalisha kitandani.

"Furaha, hata Kezia. Umesikia? Hata Kezia."

"Kwani Kezia atatufungia njia?"

"Sijasema ni Kezia. Nasema hatujui ni nani."

Utu uzima umenifundisha ubaya wa jibu lile. Kama hujui ni nani, wa kwanza kushukiwa ni yule aliye karibu nawe.

Basi tukaanza kufunga kama wezi. Mama Kezia akishatoka kwenda kusuka, mama anashusha ile mifuko mikubwa ya plastiki yenye miraba kutoka juu ya kabati. Vikombe tuliviringisha ndani ya vitenge, sahani tukazilaza katikati ya mashuka. Sufuria hatukuzigusa, kwa kuwa jiko lilikuwa la wote na pengo lingeonekana. Ikifika jioni, kila kitu kinasukumwa chini ya kitanda, na mimi natumwa nikacheze na Kezia kana kwamba hakuna jambo. Nilicheza. Nilikuwa mtoto mtiifu, laiti nisingekuwa.

Jioni moja zipu ya mfuko ilikatika, nguo zikamwagika sakafuni, na wakati huohuo Mama Kezia akaingia kuomba chumvi. Mama hakupepesa hata jicho. Alisema ni nguo za kupeleka kanisani, kwa watu ambao vibanda vyao vimeungua.

"Eish, na hukuniambia?" alisema Mama Kezia.

Akaenda chumbani kwake, akarudi na blanketi zito, zuri kuliko lolote tulilokuwa nalo sisi. Nyuma yake alikuja Kezia na sweta lake jekundu, la pekee alilokuwa nalo. Akaniambia kwa furaha kabisa, "Iko mtoto kule anasikia baridi." Nilimkodolea mama macho nikingoja aseme kweli. Mama akapokea, akashukuru, akafunga mfuko kwa kipande cha kitenge. Kuvirudisha kungekuwa kujitaja, na kanisani hakuvifikisha. Tulikimbia wachawi, tukamwibia mtoto sweta.

Tuliondoka Jumapili saa nne asubuhi, jua linawaka, Mama Kezia akiwa kwenye kwaya na bintiye. Mama alikuwa amesingizia kichwa. Alishusha sufuria mwisho, teksi ya kukodi ikaja, na kwa robo saa chumba kikawa kitupu. Hakuacha hata karatasi yenye neno moja.

Tulipofika Cape Town hakupiga simu mpaka mfuko wa mwisho ulipoingia ndani. Alifungua spika, sote tukasikia.

"Mmefika wote?" aliuliza Mama Kezia.

"Wote, kwa neema."

"Basi Mungu asifiwe. Maana mngepata ajali, mngesema ni mimi."

Mama akaanza kueleza: ni bibi, ni desturi, wala si wewe, dada yangu. Mama Kezia alimwacha amalize, kisha akasema Kezia anataka kuongea nami. Nikapewa simu.

"Furaha, siku ile natoa sweta, ulijua?"

"Nilijua."

Hakulia wala hakunitukana. Nilisikia tu akimrudishia mama yake simu. Sijaongea naye tena, na si kwa kutojaribu.

Leo mimi ni mama wa watoto, na kila nikimgusia mama habari hizi ananijibu, "Lakini si tulifika?" Jibu hilo linanichosha, kwa kuwa halina pa kulishika. Tulifika, kwa hiyo kunyamaza kulitulinda. Tungepinduka, kosa lingekuwa la Mama Kezia. Mama simlaumu peke yake. Alikuwa na watoto wawili na karatasi za ukimbizi za kuhuishwa kila baada ya miezi michache, na hofu alikuwa ameizoea kuliko usingizi. Lakini hofu yake alinivisha na mimi, na hilo sijamsamehe bado.

Bibi alituonya kwamba katika fleti ile anaweza kuwamo mtu anayekula nawe huku amekuficha neno moyoni. Alisema kweli. Ila Kezia hakuna aliyemwonya.