Kilio cha Mutu wa Muziki wa Jumamosi

Kuna muziki mmoja ambao kartie yetu, mtaa mzima hapa Goma, tuliujua nusu tu. Ulikuwa muziki wa sinema ya televisheni, ile ya Jumamosi jioni, hadithi ya ndugu waliogombania nyumba ya mama yao huko ng'ambo. Walisema Kifaransa cha mbio, sisi watoto tukaokota neno hapa na pale. Lakini muziki ulipoanza, filimbi moja peke yake, halafu vinanda vinaingia polepole nyuma yake, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mpaka leo ukinijia kichwani nasikia harufu ya makala yakiwaka jikoni, naona mawingu yamelala juu ya volkeno, naona miguu ya wenzangu imepangana kwenye simenti, yote imechubuliwa na mawe meusi.

Televisheni ilikuwa ya muzee jirani yetu, na jenereta pia. Alikuwa mutu mwema, lakini mafuta yake aliyapenda kuliko watu. Hadithi ikiisha tu, majina yanaanza kupanda kwenye kioo, vinanda vinapanda nayo, unasikia kifua kinafunguka, na hapo hapo anazima. Kila Jumamosi, mahali pale pale. Nilimchukia kwa hilo, sifichi. Wengine hawakuona shida, walizoea hata wakaamini muziki unaishia pale. Wamama wakifua nguo waliuimba mpaka pale, wakanyamaza pamoja, wakaendelea kukamua. Nani angewaambia vingine?

Baba hakuangalia sinema ile pamoja nasi. Alikuwa muchuuzi wa maharagwe, na Jumamosi alilala Rutshuru akingoja gari lipakiwe. Alirudi Jumapili, na kabla ya kugonga mlango wa mabati wa uani alipiga mluzi: sauti chache zinapanda, zinazunguka kidogo, halafu zinashuka taratibu na kutulia. Mama akiusikia anafuta mikono kwenye kitenge, anaenda kuvuta komeo. Hakuruhusu mwingine afungue.

"Huo ni wimbo wangu," alituambia. "Baba yenu aliutunga barabarani, ananifikiria."

Baba alicheka tu, hakukubali wala kukataa, akaomba chai.

Vita ilipofika upande wa Rutshuru ilimkuta huko. Iliposhuka mpaka Goma, sisi tulikimbilia kambi ya Mugunga na godoro, sufuria na mbuzi mmoja ambaye hata sijui aliishia wapi. Siku zile nazikumbuka kama mutu anayekumbuka homa. Ukungu ulishuka juu ya turubai, moshi ukapanda, vikakutana katikati, na watu walipita ndani yake bila nyuso. Jioni watoto wa kartie yetu waliimba ule muziki wa Jumamosi, na mahali pa jenereta walinyamaza. Katika ule ukimya mama aliinua kichwa. Alikuwa anasikiliza upande wa barabara.

Tuliporudi nyumbani, kitu cha kwanza alichotengeneza ni komeo la mlango. Miaka ikapita. Ndugu za baba walitoka Butembo wakasema imetosha, tuketi kilio, tumuombee misa, roho yake ipumzike. Mama aliwapikia ugali na samaki, akawahudumia vizuri, na walipomaliza kula akawaambia, "Siwezi kulilia mutu mwenye yuko njiani." Walirudi Butembo wamenuna. Mimi nilibaki na uchungu wangu. Nilitamani sana alie, hata mara moja, kwa sababu nilimwona anavyokauka. Kila Jumapili alikaa kwenye kibaraza uso kwa mlango, na sisi wote tulitembea nyumbani mule kwa vidole. Hasira ilinishika, halafu huruma, halafu hasira tena.

Basi siku moja redio ikatangaza kwamba mutu aliyetunga muziki wa ile sinema amekufa, muzee sana, huko kwao. Nilidhani habari imeishia hapo. Kumbe jirani yetu wa televisheni, ambaye naye sasa anatembea na fimbo, alikuwa ameshatoa viti vyote vya plastiki na kuvipanga uani kwetu, maana kwake ni padogo.

"Mutu ametupigia muziki miaka yote ile," alisema, "halafu afe bila hata kiti kimoja Goma? Hapana."

Kilio cha mutu tusiyewahi kumwona. Nilitaka kucheka, lakini wamama walikuja kweli, wamejifunga vitenge kiunoni, na sukari na makala mkononi. Wapita njia waliuliza nani amekufa, wakaambiwa, wakakaa. Tulitandika hata mukeka chini, pale anapokaa mjane huku wageni wakiwa juu kwenye viti. Mukeka ulibaki mtupu, maana mjane mwenyewe hatukumjua. Mwalimu mmoja alisema alimchumbia mkewe katikati ya ile filimbi, akitegemea kelele ya jenereta imfiche asipokubaliwa. Mama mmoja alisema kule Mugunga alimlaza mutoto wake kwa muziki ule, hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa, kila kitu uani kimekuwa rangi ya chai. Tukaanza kuimba, taratibu, bila maneno kwa sababu hauna maneno. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, naye anaimba. Tulifika mahali pa jenereta, tukanyamaza wote pamoja.

Sauti moja iliendelea.

Alikuwa mama muuza mboga, mukimbizi kutoka Rutshuru, aliyepanga chumba nyuma ya nyumba ya mwalimu. Alikuwa amefumba macho, hakujua kama sisi tumeishia. Vinanda vyake vikapanda, vikazunguka kidogo, halafu vikashuka taratibu na kutulia.

Mama alishasimama. Alifuta mikono kwenye kitenge, akapita kati ya viti, akavuta komeo, akafungua mlango. Nje alipita kijana akisukuma chukudu yake, ile baiskeli ya mbao, imejaa kuni. Mama aliangalia barabara, huku na huku, muda mrefu.

Alirudi, akamuuliza yule mama kwa upole, "Hiyo umeijulia wapi?"

"Si ndiyo mwisho wake? Kule Rutshuru masista walituachia televisheni yao mpaka majina yaishe. Kila Jumamosi. Na wale baba wa maharagwe walikuja kuangalia, wakingoja magari yao."

Mama akacheka, kicheko kidogo ambacho sikukisikia tangu nikiwa mutoto.

"Kumbe alinidanganya," alisema. "Yule baba alinidanganya."

Alifungua kilemba chake, akakiweka begani. Hakurudi kwenye kiti. Alienda kukaa chini kwenye mukeka, akanyoosha miguu, na sauti iliyomtoka wakati ule ilitushtua wote. Wamama walishuka kwenye viti mmoja mmoja wakakaa naye. Mimi nilimkumbatia kwa nyuma, nikalia kwa uchungu na kwa shukrani. Tulimlilia baba mpaka giza likaingia, na mlango hakuna aliyeenda kuufunga.