Zamu ya Nyangeta

Nakumbuka mchana mmoja kule kijijini kwetu Buswahili, mwanangu, enzi za Mwingereza, nilipomnyamazisha bibi yangu kwa ujuaji wangu.

Nilikuwa nasomea ualimu, nimerudi likizo kichwa kimevimba. Mwalimu wetu wa ushairi alikuwa ametutuma tukaandike nyimbo za kwetu na kupima mapigo yake: mizani ngapi, mwimbaji anavuta wapi, anapumua wapi. Nikaona hapa ndipo pa kupatia sifa. Basi nikaketi na daftari karibu na bibi mzaa mama, yeye anasaga mtama, nikamwomba aimbe.

Akaimba. Mstari mmoja, kisha kimya, jiwe linakwenda na kurudi, ndipo mstari unaofuata. Kila mara hivyo hivyo. Nikahesabu kwa vidole, nikaona wimbo umejaa mapengo. Nikamwambia uzee umemsahaulisha maneno, na wala sikungoja jibu. Nikatunga mstari wangu wa mizani sita, nikauimba pale alipokuwa anakaa kimya, tena kwa sauti ya kujidai.

Bibi akaacha kusaga. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Hapo ni pa dada yangu Nyangeta," akasema. "Tulikuwaga tunasaga wawili. Mimi naimba, yeye anaitika. Tangu tumzike, namwachiaga zamu yake."

Niliomba radhi hadi nikalia. Akasema hana kinyongo na mjukuu wake, na kweli hakuwa nacho. Lakini tangu siku ile akawa anasaga bila kuimba. Nilipomsihi, akaniambia kwamba akifika pale anasikia sauti yangu, ya dada yake haisikii tena. Alifariki kabla sijamaliza chuo. Ile kazi nilipata maksi nzuri, na mpaka leo naona haya kuitaja.

Sasa wewe unakwenda kuchunguza mashairi ya watu, na mimi nafurahi, usinielewe vibaya. Hesabu mizani, pima mapigo, andika. Ila ukimkuta mtu amenyamaza katikati ya wimbo wake, weka kalamu chini. Muulize kile kimya ni cha nani, halafu ungoje akujibu, hata kama jua litazama. Mimi sikuuliza, mwanangu, na kwa mstari mmoja nilimzika Nyangeta mara ya pili.

Mungu akupe masikio bora kuliko aliyonipa mimi, na subira ya kuyatumia. Nenda salama.