Mawese ya Mama Mkwe Kwenye Kichupa

Hata leo nikifika Kibondo najifunika kitenge mpaka puani, maana aibu niliyoipata kule haijaisha, na mimi mwenyewe sijaielewa vizuri.

Nilikuwa kwenye keto (ile ya kuacha ugali na wali, unakula nyama na mafuta, ila kila kijiko cha mafuta unakiandika kwenye simu), na gauni la ndoa nilikuwa nimeshalishona dogo kuliko mwili, kwa hiyo sikuwa na mchezo. Basi mimi na Daudi, mchumba wangu, tukatoka Kasulu kwenda kumsalimia mama yake, ndiyo mara ya kwanza ananiona, nikaamua nisiseme habari za keto nisije nikaonekana naringa. Hapo ndipo nilipojiponza.

Akaleta kuku wa mawese, mekundu yanaelea juu, nikala kuku, ugali nikawa naumegamega tu kuzuga. Sasa niandike vijiko vingapi? Vilivyoingia sufuriani sikuviona, nilivyomeza sivijui, nikaona nipime yaliyobaki halafu nitoe (nitoe kwenye ngapi? Mpaka sasa sijui!). Kwenye pochi nilikuwa na kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi, kina mistari ya kupimia, nikasubiri watoke, nikaanza kumimina.

"Yoo! Mwana wanje, mwanangu wee, mabaki ya chakula chetu unayapeleka wapi?"

Mama mkwe huyo mlangoni, na shangazi yake Daudi nyuma yake. Na kwetu huku mtu akikukuta unaficha mabaki ya chakula chake kwenye kichupa, hawazi keto.

"Napima tu, mama."

"Unapima nini? Nani kakutuma?"

Shangazi ameshaanza kuita majirani, Daudi ananitazama kama hanijui, natoa simu niwaonyeshe, simu imezima. Ndoa naiona inaondoka hivi hivi.

Mama akasema taratibu, "Kama hakuna ubaya, yanywe."

Nikayanywa yote, yamepoa, yameanza kuganda, uani watu wamejaa. Na kichwa kilivyokuwa kimevurugika, nikajikuta nasema kwa sauti, "Vinne, mama. Vijiko vinne."

Mama akanitazama weee, halafu akamgeukia wifi yake. "Huyu si mchawi. Mchawi ana akili. Mwacheni mwanangu aoe."

Nikaolewa, gauni likafungwa kwa pini. Kupima chakula cha watu sirudii tena, nakula kinachokuja. Ila kila nikienda, mama ananiwekea kijiko kimoja cha mawese pembeni kwenye kisahani, anasema, "Hicho cha kuhesabu, mwanangu."