Bakuli la Mama Mkubwa kwenye Lango la Carcassonne

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, kiangazi cha mwaka 2015, nilipomwambia Mama Mkubwa akae juu ya jiwe langoni anisubiri, na ninakiri mbele yenu kwamba hadi leo nikiikumbuka saa hiyo natamani kujificha.

Mama Mkubwa alikuwa dada wa marehemu mama yetu. Ndiye aliyetulea katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi na mdogo wangu Adela, kisha tukapelekwa Marekani, mimi Louisville, Adela Buffalo, naye akaishia Ufaransa kwa binti yake. Miaka kumi na moja hatukuonana. Adela hakuwa na pasipoti bado, tukachanga nauli, nikatumwa peke yangu kumwona Mama Mkubwa ("Umkumbatie mpaka achoke," aliniambia), lakini mimi, mtu wa mipango, nilikuwa nimegundua kwamba binti yule anaishi chini ya kilima chenye mji wa kale wa Carcassonne, uliozungukwa na kuta, na kwa miezi minane, nikitoka kazini ghalani Okolona, mtaa wa Louisville, nilipitia maktaba kuusoma, minara yake, mawe yapi ni ya kale na yapi yaliwekwa na mafundi waliokuja kuukarabati.

Siku yangu ya mwisho mimi na Mama Mkubwa tukapanda teksi mpaka langoni. Magoti yake hayakuweza ngazi za ukutani.

"Nenda, baba, mimi nitaangalia watu."

Nikamwachia mfuko wa chakula (aliamka alfajiri kupika maharage na ndizi, kwetu mgeni halishwi chakula cha kununua), nikaahidi dakika kumi na tano.

Huko juu mume na mke Wazungu kutoka Columbus, Ohio, waliniuliza kwa nini mapaa ya minara yamechongoka, nikajibu, wakaja wengine, wakanidhani mtembeza watalii, nami (aibu gani hii!) sikukanusha. Watu kumi na wanne walikuwa wakinisikiliza simu ilipolia. Adela, kwa video, ametoka zamu ya usiku ya kutunza wazee.

"Kaka! Nionyeshe mama."

"Yuko langoni, anapumzika."

"Peke yake? Tangu saa ngapi?"

Nikatazama saa. Saa tano na dakika arobaini.

Nilishuka mbio, simu mkononi, na kundi zima likanifuata likidhani matembezi yanaendelea. Mama Mkubwa alikuwa pale pale, kitenge chake kipya kimefunika miguu, hajala kitu kwa sababu ananingoja, na magotini ameweka bakuli tupu alilonitolea. Tupu nasema, lakini lilikuwa na sarafu. Mbele ya macho yangu yule bwana wa Columbus akainama, akaongeza yake.

"Wananipa tu," alisema Mama Mkubwa. "Nawapungia mkono wasitoe, wao wanadhani nawashukuru."

Simu ilikuwa bado wazi mkononi, na Adela aliyaona yote. Nilimsikia akilia.

"Nisamehe, mama."

"Ulikuwa unasoma. Tangu utotoni ukishika kitabu husikii ukiitwa." Akanikabidhi bakuli. "Chukua, uwanunulie watoto wako peremende. Haya, tule."

Alifariki kabla mwaka haujaisha. Za siku ile nina picha thelathini na moja za minara, yake hakuna. Siku hizi nikitumwa kumwona mtu, namwona mtu huyo, na vitabu naviacha nyumbani. Sarafu sikuzitumia. Zimo kwenye bahasha, na juu yake nimeandika, kama niandikavyo kila kitu: euro sita na senti arobaini.