Bwana Kinyume na Gauni la Mjane

"Mwenzangu, hao watu wazima wanaokuja kwako kila Jumamosi, wanamwabudu nani?"

Swali hilo Mama Pindo aliulizwa na jirani yake wa ghorofani, mwanamke ambaye hajawahi kuupita mlango ulio wazi bila kuingiza shingo. Mama Pindo alikuwa na pini midomoni, basi akapata nafasi ya kufikiri. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha mkononi, ndipo akajibu.

"Hawamwabudu mtu. Wanacheza."

"Wanacheza? Mimi nimemsikia mmoja kwa masikio yangu akisema, 'Ewe Bwana Kinyume, nishushie balaa.'"

"Huyo ni mdogo wangu."

"Aa, basi," akasema jirani, kana kwamba hilo limeeleza yote. Na kweli lilieleza mengi.

Mama Pindo alikuwa fundi wa kushona, na jina hilo alipewa kwa sababu ya mapindo yake. Kitambaa kingechakaa, rangi ingepauka, mwenye nguo angenenepa akakonda akanenepa tena, lakini pindo la Mama Pindo lingekuwa pale pale. Alikuwa mcha Mungu asiye na makelele. Hakuwahi kumwambia mtu habari za motoni, na wala hakushona siku ya ibada, hata kwa bibi harusi anayelia.

Katika duka lake halikuandikwa jina la mteja popote. Kila mteja alipewa rangi ya uzi siku ya nguo yake ya kwanza, na rangi hiyo ilikuwa yake mpaka mwisho. Nguo ikiisha, Mama Pindo aliipiga pasi, akaikunja, akaifunga kwa karatasi ya kaki, juu akazungusha uzi wa mwenyewe na kuupiga fundo dogo. Kifurushi kilikaa kwenye rafu karibu na mlango. Anayekuja kuchukua alisema rangi tu, "Zambarau," au "Njano," akapewa, akaenda zake. Watu walizionea fahari rangi zao kama vyeo. Kulikuwa na mwenye bucha mmoja aliyenuna msimu mzima kwa sababu alipewa waridi.

Mdogo wake watu walimwita Rangi, na huyo rangi zake zilikuwa nyingine. Alikuwa mchoraji mabango, mkono mzuri ajabu, kichwa kama tiara lililokatika uzi. Alikuwa na mke, na mke alikuwa na saluni. Asubuhi moja mke alifika kazini akakuta wateja wamesimama nje wakicheka, na juu ya mlango, kwa herufi nzuri zenye kivuli, imeandikwa: HAPA TUNANYOA MBUZI. Rangi alitegemea mkewe atacheka. Mkewe alicheka kweli. Kisha akarudi nyumbani akautoa nje mkoba wa Rangi na kuufunga mlango taratibu. Rangi akaja kwa dada yake kukaa wiki moja, na ile wiki ikaota mizizi.

Pamoja na mkoba wake alileta mchezo. Marafiki zake walikuwa wanatafuta meza pana, na kwa upana, meza ya kukatia ya Mama Pindo haikuwa na mwenzake. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kitambaa kikiondolewa, ilikaa dunia nzima pale juu. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuwa msimuliaji. Aliitunga ile dunia yenye milima, wafalme na majoka, na wenzake wakaingia humo kwa maneno tu, kila mmoja akijifanya mtu fulani. Mchezaji akitaka kuruka ukuta, alirusha dadu lenye pande nyingi kama jiwe la pete, nalo ndilo lililosema ameruka au amevunjika mguu. Mama Pindo aliwatazama toka kwenye cherehani yake, watu wazima wenye vitambi wakiomboleza farasi asiyekuwepo. Kitabu chake cha sala tu ndicho alichokihamisha toka mezani, akakiweka rafu ya juu, si kwa hofu bali kwa adabu.

Dunia ile ilikuwa na vijimungu vingi, na kila mchezaji alichagua chake. Mtengeneza miwani, ambaye wote walimwita Miwani, alichagua kijimungu cha mwanga, na akawa anakufa mara kwa mara. Rangi alichagua Bwana Kinyume.

Bwana Kinyume alikuwa kijimungu cha hila. Hakuwa na hekalu, kwa kuwa kila alilojengewa aliliuza. Alivaa viatu viwili vya kushoto. Alipenda mambo yaliyonyooka kwa ajili ya kuyapinda, na waliolala kwa ajili ya kuwaamsha. Mwalimu alimweleza Mama Pindo kwamba kila dini ya kubuni lazima iwe na wa namna hiyo.

"Kama kila ukoo ulivyo na mjomba mmoja," akasema Mama Pindo.

"Naam, dada, lakini huyu ana maana kubwa. Bila yeye hadithi haisogei."

Mama Pindo alikubali kwamba ilisogea. Alichokigundua, akikunja na kukunjua mikono ya mashati, ni kwamba Bwana Kinyume aliwasha moto sokoni, kila mtu akacheka, na hadithi ikahamia mji mwingine. Wenye soko hawakuulizwa tena. Katika dunia nzima ile, yenye mafundi wa mapanga na wachawi wa kila cheo, hakukuwa na mtu aliyeshika ufagio.

Sharti la kijimungu hicho lilikuwa moja. Mfuasi wake alitakiwa, kila wanapokutana, kubadilisha mahali pa vitu viwili vilivyokaa sawa. Rangi aliwahi kubadilisha taji la mfalme na kifuniko cha sufuria, na maharusi wawili waliofunikwa ushungi. Yote hayo mezani, kwa maneno, na hayakumdhuru mtu. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha.

Ijumaa moja fundi bomba wa mtaa wa nyuma alifariki. Mkewe alikuwa rafiki wa Mama Pindo tangu wote wawili wana viuno vyembamba. Kila Jumatano mchana alikuja dukani na kukaa kwenye benchi, akimsaidia kushona vifungo na kumsaidia zaidi kuwasema watu. Rangi yake ilikuwa samawati. Mama Pindo aliacha kazi zote, akamshonea gauni jeusi la mazishi, mikono mirefu, shingo ya kufunga, na pindo alilolishona kwa mkono huku akiomba dua. Jumamosi asubuhi alimweleza mdogo wake habari zote hizo, naye akiwa anakunywa chai. Rangi aliitikia, "Maskini," akachovya mkate. Mawazo yake yalikuwa kwa Bwana Kinyume, aliyekuwa amemnunia.

Mchana ule dadu lilimkataa kabisa. Kila alichorusha kilikuja kibaya, mpaka Miwani akamwambia, "Mungu wako amekuchoka, ndugu yangu." Rangi akainuka kwenda kunywa maji. Akapita kwenye rafu, akaona vifurushi viwili vimekaa sawa, kimoja uzi wa samawati, kingine wa zambarau. Vidole vya mchoraji ni vyepesi. Alizifungua nyuzi, akazibadilisha, akayarudisha mafundo vilevile, kisha akakaa mezani akarusha dadu. Likaja zuri. Akaona amebarikiwa.

Jioni shemeji wa marehemu alisimama mlangoni kwa haraka za msiba. "Samawati," akasema. Mama Pindo akampa kifurushi kwa mikono miwili.

Zambarau alikuwa mwimbaji wa harusini.

Jumapili asubuhi, katika chumba kilichojaa wanawake waliokaa chini, mjane alifungua karatasi, akatoa gauni jekundu lililojaa shanga za kumetameta, mgongo wazi mpaka chini, na mpasuo ubavuni wa kumwezesha mwenye nguo kucheza vizuri. Shangazi mmoja, mzee asiyeona sawasawa, aliuliza, "Ni zuri?"

Mjane alimzika mumewe akiwa amevaa gauni la dada yake, lililobanwa mgongoni kwa pini. Mama Pindo aliziona zile pini toka mbali, akajua hilo si gauni alilolishona. Alipokwenda kutoa pole, mjane aliurudisha mkono wake.

"Miaka yote hii," akasema kwa sauti ya chini. "Ungeniambia tu kwamba una kinyongo."

Nyumbani Mama Pindo alifungua kifurushi cha zambarau, akalikuta gauni jeusi, wala hakuhitaji kupeleleza zaidi. Alimweleza mdogo wake kilichotokea, naye Rangi akacheka kwanza, kicheko kifupi kilichomtoka kama kwikwi, ndipo akafunika uso.

"Sikujua ni la mazishi, dada."

"Nilikwambia ukinywa chai."

"Bwana Kinyume huyo," akasema Rangi, na alikuwa nusu anatania na nusu anaamini.

Mama Pindo akarudi kwa mjane. Damu nzito kuliko maji, hakumtaja mtu. Alisema tu, "Kosa limetoka dukani kwangu. Nyuzi zilibadilishana."

Mjane alimtazama. "Nyuzi zako hazijawahi kukosea. Nimekaa kwenye benchi lile nikikuona. Wewe hukosei, Mama Pindo. Basi hukukosea."

Hapo ndipo jina jema lilipogeuka kuwa shahidi wa upande wa pili. Angekuwa fundi mzembe, wa kushona mkono wa kulia mahali pa kushoto, wangemwambia bahati mbaya na yangekwisha. Lakini kwa kuwa hakuwahi kuvuruga kitu maishani, mtaa mzima uliona kwamba safari hii ameamua. Jirani wa ghorofani aliingiza shingo, akamtazama kwa heshima mpya, akasema, "Kumbe na wewe una sumu," karibu kwa kumsifu. Jumatano ilipofika, benchi lilikaa tupu. Vifungo vilishonwa kimyakimya, na vikachukua muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata walikuja kama kawaida. Rangi alikuwa amewasimulia, na Mama Pindo, akiwa kwenye cherehani, alisikia kisa cha mjane kikizunguka meza na kunoga zaidi kila kilipopita mdomo.

"Tuseme kweli, dada," akaanza Mwalimu, akivua miwani ili afikiri vizuri. "Inasikitisha. Lakini ukitazama kwa undani, ndiyo kazi ya mjanja. Anaipindua desturi. Anatuonyesha kwamba huzuni yenyewe ni vazi tu. Yeye ndiye huleta mabadiliko."

"Amemletea mjane mabadiliko gani?" akauliza Mama Pindo.

Mwalimu aliirudisha miwani usoni, akalichunguza dadu.

"Lakini haki lazima itendeke," akasema Miwani. "Napendekeza Bwana Kinyume ashtakiwe."

Wazo hilo liliwaamsha kama maji ya baridi. Mwalimu aliitisha baraza la vijimungu papo hapo. Miwani, kwa niaba ya mwanga, alikuwa mwendesha mashtaka, na alinena vizuri kuliko alivyowahi kunena mbele ya mteja yeyote. Alimtaja mjane kwa uchungu. Alimwita "mama yetu sote," na hajawahi hata kumsalimia. Rangi alimtetea mungu wake kwa machozi ya kweli, akasema alizaliwa bila mama kwenye njia panda na hakufundishwa adabu. Dadu likarushwa. Bwana Kinyume akakutwa na hatia. Baada ya mabishano marefu kuhusu adhabu, wakaamua ageuzwe konokono kwa miaka mia moja, na viatu vyake vyote viwili vya kushoto vitupwe baharini.

Wakavuta pumzi. Ilikuwa moja ya Jumamosi zao nzuri kabisa. Rangi alikuwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua, uso wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetoka kuungama na kusamehewa.

"Haya, dada," akasema. "Amehukumiwa."

Mama Pindo alisimamisha cherehani.

"Huyo konokono ndiye atakayebisha hodi kwa mjane?"

Miwani alianza kukusanya madadu, akakuta ameyakusanya yote, akayamwaga tena.

"Dada, sasa niende nikaseme nini?" akasema Rangi. "Kwa uso huu? Afadhali nimchoree marehemu bango la kaburi. Bure kabisa, herufi za dhahabu, zenye kivuli."

"Hakuomba bango."

"Atanifukuza."

"Huenda."

"Na mtaa mzima utajua ni mimi."

"Sasa hivi mtaa mzima unajua ni mimi," akasema Mama Pindo.

Hakupandisha sauti. Katika maisha yake alikuwa amemvika mdogo wake huyu, amemficha asionwe na baba yao, amemwombea msamaha kwa mkewe, na mara zote alifagia nyuma yake bila kuulizwa, akidhani ndio upendo. Aliona haya kumwomba kitu mbele za watu. Lakini peke yao angemchekesha, naye angecheka, na mambo yangeishia hapo. Akainuka, akaja mpaka kwenye ncha ya meza, akaweka mkono juu ya mbao.

"Mdogo wangu, naomba uende kwake kesho mchana, upitie mlango wa mbele, useme ni wewe uliyebadilisha nyuzi. Sema jina lako ulilopewa na mama. Ukimaliza, nyamaza, umwache aseme analotaka kusema. Na nakuomba sana, usimchekeshe."