Jiko la Rahabu na Zamu ya Maji

Siku ya kwanza Lugano aliponunua maharage kwa Rahabu, sokoni Myamba, alishindwa kabla hajafungua mdomo vizuri. Alikuwa na desturi yake: debe lijae, kisha liongezwe mpaka maharage yasimame juu kama kichuguu. Wauzaji wengine walinung'unika wakaongeza. Rahabu alijaza, akanyoosha mkono mrefu ajabu, akaupitisha juu ya debe, na kichuguu chote kikaporomokea kwenye gunia lake.

"Mama, sasa hilo si debe."

"Debe ni bati, baba. Yaliyo juu ya bati ni yangu."

Alinunua hivyo hivyo, kwa sababu maharage yale hayakuwa na jiwe wala mdudu, na wapishi wa kambi za mkonge kule chini, wateja wake, walikuwa wameanza kumsema kwa mawe. Lugano aliwajua wapishi hao. Yeye mwenyewe, Mnyakyusa, alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge, akala maharage yenye mawe miaka mingi, mpaka alipopata baiskeli, kisha gunia la kwanza, kisha nafasi ya kudumu kwenye lori la watu. Kila alichokuwa nacho alikibishania.

Tangu siku hiyo akawa anapanda mpaka nyumbani kwa Rahabu kununua. Mume wa Rahabu, Eliufoo, alikwenda Tanga kutafuta kazi zamani za Mwingereza. Alirudi mara moja, mwaka wa Uhuru, akaona bendera ikipanda, akala siku mbili, akaondoka moja kwa moja. Alichomwachia mkewe ni binti mmoja, Elirehema, na urefu wa binti huyo haukutoka kwa baba. Ukimwona Rahabu akianua nguo bila kunyanyua kisigino, umeshajua.

Mikono ya Elirehema nayo ilifunzwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo Wapare huchimba juu ya mashamba, likusanye maji usiku yafunguliwe asubuhi. Tope likijaa, huitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kulizoa, na kila jiko, yaani kila kaya, hutoa mtu. Watu husimama safu kutoka kitako cha bwawa hadi ukingoni, karai lenye tope linapanda mkono kwa mkono, na karai tupu linarushwa chini lidakwe. Rahabu alipoteguka nyonga, Elirehema alimpokea nafasi yake akiwa bado mdogo. Alidaka makarai bila kuyatazama, macho yake yakiwa tayari kwa mtu wa kumpa.

Kwa hiyo alipofika chuo cha ualimu na kukuta mpira wa kikapu, haukumchukua muda. Mama yake alikwenda kumwona mara moja, akakaa kwenye benchi na mwavuli wake, akarudi na habari.

"Wana kikapu hakina kitako," alimwambia Lugano. "Wanatia mpira, unatoka chini, na watu wanapiga makofi."

"Na binti je?"

"Wa kwetu ndiye anayetia sana." Akageuza uso asionekane anacheka.

Mwaka huo chuo kilialikwa kucheza Moshi siku ya Sabasaba, na waliokuwa wanachagua timu ya mkoa wangekuwepo. Wiki hiyo hiyo tope likajaa ndivani. Sheria ilikuwa moja: jiko lisilotoa mtu halipati zamu ya maji kiangazi chote. Maharage ya Rahabu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

Lugano aliposikia, hakusikitika. Alikuwa analitamani shamba la chini la Rahabu, lile linalopakana na mfereji, kwa siku nyingi. Miaka hiyo ya baada ya Azimio la Arusha mfanyabiashara aliitwa mlanguzi mchana kweupe, na mtu mwenye jembe hakuulizwa maswali. Akapanda mlima na maneno yake tayari.

"Shikamoo, Mama Elirehema."

"Marahaba. Umekuja na gunia au umekuja na maneno?"

"Lile shamba la chini. Bila maji litakufia mikononi. Niachie mimi, nikufidie migomba iliyomo."

Kabla hajajibiwa, Elirehema aliingia uani na begi begani, vumbi la lori hadi kwenye kope.

"Mama, siendi Moshi. Nimekuja kwa ajili ya ndiva."

"Nani kakuita?"

"Nisipokuja, maji utapata wapi?"

"Na wewe usipokwenda, watakuchagua kwa kukuota? Lori linashuka saa ngapi?"

"Mama!"

"Nimeuliza lori."

Binti akakaa kwenye kinu, akainama. Rahabu akamgeukia Lugano, akamtazama kuanzia mabegani hadi kwenye viganja, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kulimia.

"Wewe umekata mkonge. Utasimama ndivani kwa jiko langu."

Lugano akacheka. "Nipate nini?"

"Maharage yote ya msimu huu. Hakuna mnunuzi mwingine atakayekanyaga hapa."

"Na debe liwe na kichuguu."

"Nusu kichuguu."

"Kichuguu kizima, mama, au tafuta Mnyakyusa mwingine."

Rahabu alimtazama binti yake, akauma meno. "Msimu mmoja tu."

Lugano alishapiga hesabu yake. Wazee wakimkataa kwa ugeni wake, Rahabu anakosa maji na shamba linakuja kwake. Wakimkubali, maharage ni yake. Kote kote anakula.

Elirehema alishuka na lori siku hiyo hiyo. Msaragambo ulipofika, Lugano alipitia kwa Rahabu alfajiri kuchukua karai, akakuta bakuli la makande linamsubiri.

"Nimeshakunywa chai sokoni, mama."

"Kaa ule."

"Nimeshiba."

"Sijakuuliza kama umeshiba."

Akala. Yalikuwa na chumvi kidogo mno, akayamaliza hivyo hivyo.

Ndivani walimpokea kwa vicheko. "Mnyakyusa umepotea! Ndizi ziko upande wa pili!" Mzee Rubeni, msimamizi wa maji, hakucheka. Alimwita kando.

"Unasimama kwa jiko la nani?"

"La Rahabu."

"Mgeni hasimami kwa jiko asilokula. Leo umekula wapi?"

Hapo ndipo alipolielewa lile bakuli. Shamba alilolitamani lilikuwa kwenye ulimi wake: aseme amekunywa chai sokoni, basi. Lakini akauliza kwanza, kwa tabia yake ya kutonunua kitu asichokigeuza akakiona na upande wa chini.

"Mzee, mtu akichukua shamba la chini, zamu ya maji anaichukua nayo?"

"Atachukua udongo. Maji hayafuati shamba, yanafuata jiko."

Lugano alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyevutwa nyuma ya gari lililokuwa linamjia. Ilibaki kidogo anunue vumbi.

"Nimekula kwa Rahabu," alisema. "Makande."

"Yakoje?"

"Hayana chumvi."

Safu nzima ikaangua kicheko. "Ni kwake! Kweli kala kwake!" Rubeni mwenyewe akafuta machozi, akamwonyesha nafasi ya ukingoni. Lugano alidondosha karai mara nyingi, moja likamwangukia mguuni. "Elirehema hadondoshi!" walimpigia kelele hadi jioni.

Maji yalifunguliwa, na zamu ya Rahabu ikaja kama zamani. Habari za Moshi zilikuja na utingo wa lori: timu ya chuo ilifungwa, lakini Elirehema alichaguliwa timu ya mkoa. Rahabu aliposikia alikaa chini palepale, akavua kitambaa cha kichwa, akasema, "Haya."

Lugano hakupata shamba. Alipata maharage, kidole kilichovimba, na kitu ambacho hakukidai katika mapatano. Mjumbe wa nyumba kumi alipouliza mkutanoni huyu mlanguzi ni wa nani, Mzee Rubeni alijibu bila kusimama, "Huyo ni wa jiko la Rahabu," na hakuna aliyeendelea.

Rahabu alitoa kichuguu kizima msimu ule wote, uso umekunjwa. Msimu uliofuata mkono mrefu ulirudi juu ya debe, ukakata sawasawa na bati.

"Mama, mimi si wa jiko lako?"

"Ndiyo maana nimekuwekea makande. Maharage ni biashara."

Akala makande kwanza, kisha wakaanza kubishana.