Subiri Mchezo Uishe

Kafili wangu, mwajiri aliyeshika pasipoti yangu kule Al-Malqa, Riyadh, alisoma Marekani ujanani. Kila alasiri alitazama mechi ileile ya besiboli, ya zamani, ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, picha isiyo na rangi. Alijua kila mpira utaangukia wapi.

Siku dada aliponipigia simu kuniambia kwamba mama amefariki, nilisimama kando ya kochi na birika la gahawa. “Baba,” nilimwita kama alivyotaka aitwe, “naomba ruhusa niende nikazike.”

Hakugeuka. “Subiri mchezo uishe.”

Nami, mjinga, nikasubiri. Ulipoisha akasema mafi safari, hakuna kwenda, Ijumaa kuna wageni.

Wachezaji wale walishakufa wote, na alikuwa akiwataja kwa majina, mmoja mmoja. La mama yangu hakuliuliza.